Darasa Limekamilika Nyarugusu

Mama Kulwa mpenzi,

Salamu kutoka kwenye jua na vumbi jekundu. Darasa la chekechea la watoto wa wachimbaji limekamilika: kwa wakati, ndani ya bajeti, kila lengo limetimia. Watoto tu ndio hawapo. Dhahabu imeonekana kwingine, na wiki iliyopita wazazi walihama nao.

Amebaki mama ntilie mmoja, naye anafunga masufuria. Amenipakulia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, yenye karanga, akanitazama. "Bwana mradi, mbona hukutuuliza? Sisi tunafuata mawe. Ungetupa turubai na mwalimu wa kuhama naye."

Niliweka sahani chini. Wewe uliniuliza hilohilo jikoni kwetu Nyahanga: "Na wakihama?" Nikacheka, nikasema hiyo ni hatari ndogo, imo kwenye mpango. Kweli niliiandika, ukurasa wa mwisho.

Nakuandikia nikiwa darasani, kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu na kidevu. Nisamehe kile kicheko. Wabusu Kulwa na Doto. Nikirudi niulize tena, mke wangu. Swali lako nitaliandika ukurasa wa kwanza.

Wako,
Baba Kulwa