Sahani Nyuma ya Rido

Papa Neema,

Usidanganywe na ziwa nzuri ya ku hii karti. Niko hapa Bweremana, kwa bakwe betu, na hasira mupaka mu meno.

Neema wetu amezaa musichana, bote beko bazima, Mungu asifiwe. Lakini unajua desturi: mama-mukwe na mukwe habakulake moja mbele ya macho ya mwingine. Basi bananikalisha mu salon ya bageni, banafunga rido, ile pazia ya mulango, bananiletea sambaza, samaki ndogo ya ziwa, ya moto mu sahani ya maua. Inje, batu ba bukwe bamezunguka mbabula ya makaa, banakula na vidole, banacheka, banagombania samaki ya mwisho. Miye nyuma ya rido kama mugonjwa! Nikiomba hata kukaanga, banasema, "Hapana, Mama, weye uko mugeni wa heshima." Heshima gani hii ya kukula na ukuta?

Halafu jana unanipigia telefone, kinywa imejaa! "Mama Neema, tulishafunua viazi ya kuchoma mu shamba. Batoto banarudi ku masomo juma ijayo, bamekataa kungoja." Nilibasikia nyuma yako banapuliza vidole. Miaka yote, ule moto wa viazi, njo miye nafunika na udongo, njo miye nafunua!

Usinitumie pole. Unibakishie kiazi kimoja mu majivu, ile ya kuungua munatupiaka kuku. Nitaikula inje, na vidole, katikati yenu bote.

Unikumbatilie batoto. Weye, ungoje nifike.

Mama Neema