Besi Iko Sawa

Jumatatu, 3 Machi

Fundi wa kukata santuri kapiga simu asubuhi. Mkusanyo wetu wa nyimbo za miaka kumi ya lebo yetu ya muziki — kaukataa! Besi iko sawa, anasema, tamu kabisa. Ila matoazi na sauti zote za juu zinachoma masikio. Nikamjibu haiwezekani, kila wimbo kauchanganya kaka mwenyewe. Kisha akaniuliza kwa upole, kaka yako ana umri gani siku hizi?

Nimekasirika mpaka chakula kimenishinda. Ana adabu gani huyu?

Jumanne, 4 Machi

Nimesikiliza mwenyewe, hedifoni masikioni, mlango nimefunga. Fundi hakukosea. Nyimbo alizochanganya kaka mwaka huu zote zinachoma. Za zamani ni safi.

Mungu wangu.

Jumatano, 5 Machi

Sijamwambia.

Alhamisi, 6 Machi

Nilipunguza ukali wa nyimbo mbili kimyakimya, nikamwekea kaka. Hata wa kwanza hakuumaliza! Nani kaufunika wimbo huu blanketi, akauliza. Nikajitia sijui, labda kompyuta. Akarudisha kila kitu alivyotaka yeye. Akaniambia mdogo wangu, masikio yako yamechoka, nenda kapumzike. Masikio yangu! Nikacheka naye. Halafu nikaenda chooni nikalia.

Wifi kanivuta jikoni. Kumbe na yeye anajua. Simu ya mumewe inaita kitandani, kando ya mto, hageuki. Nikamwambia basi mwambie, wewe ndiye mkewe. Akasema wewe ndiye wa studio. Tumetupiana mpira hadi chai ikapoa.

Wasanii wanamletea nyimbo zao kwa ajili ya masikio yake tu. Nikimwambia, atabaki na nini? Nisipomwambia, santuri inatoka hivyo hivyo, na jina letu basi tena. Jumatatu fundi anataka jibu. Naogopa. Naogopa kweli.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika ndani ya gari la kaka, kiti cha nyuma. Ndiyo desturi yetu — santuri haitoki kabla hatujaisikiliza humu, vioo juu, spika mgongoni. Ni marufuku kusema mpaka wimbo uishe. Kila mtu na kalamu yake, kwa hiyo hakuna anayeshangaa nikiandika.

Nyimbo za kaka zimepita. Nimeuma meno. Mwimbaji wetu, tunayemwita Bi Kelele, alikunja uso mara mbili, akamtazama kaka, akadhani ukali ule ni makusudi.

Sasa wa mwisho. Huu tumeuongeza jana, kautengeneza Bi Kelele peke yake, zawadi kwa kaka ya miaka kumi ya lebo. Kaka hajawahi kuusikia. Besi inatetemesha milango! Kaka kafumba macho, anatabasamu, kidole kinagonga usukani sawasawa na mdundo. Ndiye kaka yangu yule yule. Labda nimekosea mimi. Labda sote tumekosea.

Besi imekatika. Imebaki filimbi tu, nyembamba, inapanda, inapanda — uzuri wake mpaka vinyweleo vinanisimama. Bi Kelele kainama mbele, anangoja kuona uso wa kaka.

Kaka kafumbua macho. Anapiga makofi! Safi sana, anasema, mmeukata ghafla, nimeupenda mwisho huo. Haya, semeni basi, mbona mko kimya?

Hakuna anayesema. Filimbi bado inalia.