Hodi Tatu Nilizoziandika

Pongwe, Tanga
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Nasri,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Wete? Mkeo Shadya mguu umepona? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila mimi situlii. Hata barua hii naiandika nimesimama.

Nilikwambia nimejiunga na kikundi cha Mwalimu Ernesti. Usicheke. Tunatengeneza muziki kwa mlio wa mfuniko wa sufuria, mvua juu ya bati, hata kimya chenyewe. Ernesti husema kusikia ni kazi ya sikio, kusikiliza ni kazi ya mtu. Zoezi lake ni hili: kila alasiri nusu saa ukae nyumbani, simu ikirekodi, uandike kila sauti. Hunyanyuki wala hujibu.

Alhamisi nilikuwa katika zoezi, mlango nimeufunga. Ikapigwa hodi. Nikaandika: "Hodi, mwanamume, sauti ina mkwaruzo." Ya pili nikaandika: "Imeshuka." Ya tatu nikaipigia mstari kwa uzuri wake. Nilifurahi, Nasri! Nikakohoa, nikaandika na kikohozi changu.

Magharibi jirani yangu Mwanamwema akaja na kapu la machungwa. "Babayo huyo, katoka Maramba. Kapiga hodi tatu, kakusikia wakohoa. Kanambia, 'Mwatumu yumo, hanitaki.' Kaniachia kapu, kenda zake."

Baba! Miaka miwili hajakanyaga kwangu, tangu alipooa tena nami nikasusa harusi yake. Sikumtambua. Sauti yake imezeeka, nami sikuwapo ikizeeka. Nampigia simu, hapokei. Machungwa yako mezani, sithubutu kumenya hata moja.

Ernesti ameisifu rekodi, anaitaka kwenye onyesho letu. Nusura nimtukane. Naisikiliza mwenyewe kutwa. Baada ya hodi ya tatu kuna dakika nne za ndara zake kizingitini, haingii wala haondoki. Hizo sikuziandika kabisa.

Simu yako wewe, Baba huipokea. Mwambie zilikuwa akili zangu ndogo, si chuki. Mwambie mlango siufungi tena, na kila nikiirudia ile rekodi, hodi ikifika naitikia kwa sauti kubwa, peke yangu, mpaka Mwanamwema ananichungulia: "Karibu, Baba."

Nisalimie Shadya na mwanao Tahiri, umbusu na utosini. Mola awafunike kwa rehema zake, asiwakutanishe na majuto kama haya yangu.

Wako akupendaye,
dada yako Mwatumu