Wimbo wa Tatu Uliomwagiwa Dengelua

Vudee, Same
18 Agosti 2024

Kwa kaka yangu mpendwa Rodgers,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko Tunduma ukiwa mzima pamoja na wifi Irine na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua mwezi wa sita sasa kimetulia. Huku baridi haijaachia, na ukungu unashuka hadi kwenye migomba kabla jua halijazama. Mama anakusalimu. Anasema amekuwekea maharage ya mbegu, lakini hayatumi kwa basi, maana mwenye kuyataka ana miguu.

Uliniuliza kwenye ujumbe wako kwa nini sipokei simu, na kwa nini nipo nyumbani ilhali chuo kimefunguliwa. Nitajibu yote mawili mahali pake. Kwanza nataja ninachokuomba: uje kabla ya mvua za vuli, uketi nami siku mbili au tatu, unisimulie upya kisa cha Mzamaji, kile cha kwenye kanda yetu ya utotoni, tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na wimbo wa tatu. Jambo hili ni kubwa kwangu kuliko linavyosikika.

Bila shaka unaikumbuka kanda yenyewe. Ulipewa na Chande, yule fundi mitambo wa shamba la mkonge kule chini, baada ya mkewe Shamsa kumwambia achague kati yake na mafuvu yaliyochorwa kwenye jalada. Chande alikueleza kwamba alifikiri sana, akaona mafuvu hayajui kupika. Tuliisikiliza alasiri, marehemu baba akiwa kwenye kikao cha wazee wa usharika, tumeifunika redio kwa blanketi ili magitaa yasifike barabarani. Mimi Kiingereza sikukijua. Wewe ulikuwa kidato cha pili, ukakaa kando ya redio ukitafsiri kwa sauti nzito usiyokuwa nayo.

Nimefundisha mantiki kwa miaka mingi, na bado najiuliza kilichotushika ni nini. Wengi hudhani muziki ule wa hevi metali huvutia kwa makelele na picha za makaburi. Naona wanakosea. Nyimbo nane zilisimulia kisa kimoja tu: mtu amekufa maji, na kila jioni anarudi kubisha mlango wa mjane wake, huku ngoma zikiongeza mwendo kadiri anavyokaribia. Hakuna wimbo uliosimama peke yake. Ukitaka kujua kama mlango utafunguliwa, sharti uvumilie hadi mwisho, na mwisho ulikuwapo. Hofu ilikuwa imepangwa kama ngazi za mashamba yetu: unaona ulipotoka na unapokwenda. Watoto wa nyumba ambamo mambo mazito yalizungumzwa kwa kunong'ona tulipata mahali ambapo hofu iliimbwa hadharani, kwa nguvu zote, na baadaye tukaenda kukamua ng'ombe.

Bibi ndiye aliyetuzidi akili. Alipoliona jalada hakushtuka hata kidogo. Aliuliza mafuvu yale ni ya ukoo gani, na iweje watu wenye uwezo wa kuyapiga picha washindwe kuyatafutia pango. Yeye alikuwa Mkristo wa kubatizwa, lakini alikulia karibu na mpungi, msitu wa ukoo wao, ambako mafuvu ya wazee yalitunzwa na kupelekewa pombe. Ulipomsimulia habari za Mzamaji alicheka, akasema mjane yule ni mjinga: anamfungiaje mlango mwenye nyumba? Baba alipotugundua na kutangaza kwamba ile ni sauti ya kuzimu, bibi alimjibu kwa upole kwamba kuzimu ndiko aliko baba yake mzazi, kwa hiyo ataje mahali hapo kwa heshima.

Kisha akafanya alichoona ni wajibu. Tulirudi kutoka shuleni tukakuta kanda imelazwa juu ya jani la mgomba, imemwagiwa dengelua, pombe yetu ya miwa, jalada na vyote. Alisema wazee wa watu wamekaa humo ndani na kiu, wala si ajabu wanapiga kelele. Uliikausha, ukakata kipande kilichoganda, ukaunga kwa gundi. Wimbo wa tatu ukawa umekwenda, na ndio uliopaswa kueleza kwa nini marehemu anarudi. Siku iliyofuata, kanda ilipofika pale palipokatwa, uliisimamisha ukatusimulia sababu uliyoitunga mwenyewe: alikufa siku ya zamu yake ya maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, jirani akayafungulia kwenye shamba lake, na tangu hapo anarudi kudai zamu. Bibi aliguna, akasema sasa hicho ni kisa.

Mwaka jana niliipata albamu nzima mtandaoni. Niliusikiliza wimbo wa tatu halisi kwa makini. Mtu yule anarudi kwa sababu ya mkataba na shetani, basi. Ni sababu ya kuazima. Ingemfaa maiti yeyote. Yako ilikuwa yake peke yake, na haipo popote ila kichwani mwako.

Sasa majibu niliyokuahidi. Mshipa wa fahamu wa sikio langu la kushoto umekufa, na wa kulia unafuata. Daktari bingwa hakunificha: huenda nikafika Krismasi nikisikia kidogo, huenda nisifike. Simu imekuwa mvumo tu, na darasani nilikuwa nawajibu wanafunzi maswali ambayo hawakuuliza. Mama sijamwambia. Anadhani ni kiburi cha usomi, kwa kuwa akiniita kutoka upande wa kushoto siitiki.

Naogopa, kaka. Sijawahi kukuandikia neno hilo. Nimejaribu kuipanga hofu hii kama ninavyopanga hoja, haipangiki. Kwa hiyo nimeamua kuchagua, wakati kuchagua kungaliko, ni sauti gani nitakayobaki nayo, nami nimechagua yako ikisimulia. Usiniandikie kisa hicho. Kusoma nitaweza siku zote.

Mfikishie wifi salamu zangu, nawe uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Ukija, keti kulia kwangu. Usipaze sauti kwa kunihurumia. Ipaze pale tu Mzamaji anapobisha.

Ni mimi mdogo wako,
Asteria