Siku Sitini na Tatu za Moyo wa Lumir

Jumanne, 14 Februari 2023

Aibu! Kliniki ya moyo huko Lincoln, dada wa mapokezi kasema bima ya nyongeza ya mume wangu Lumir haipo. Imekufa tangu Mwaka Mpya. Kampuni ya maghala ya nafaka, alikofanya kazi miaka thelathini na minane, imewafutia wastaafu wote. Barua ilitumwa Oktoba, kasema. Nikamgeukia mume wangu. Akanong'ona kwamba labda aliichoma.

Labda! Kila vuli matangazo ya bima yanafurika sanduku letu, na Lumir, kama wanaume wote wa mji wetu wa Wilber, hubeba rundo zima mpaka kwenye pipa la kuchomea taka. Hafungui hata moja.

Bima ya serikali ya wazee inalipa sehemu tu. Kinachobaki kinaweza kutunyang'anya nyumba. Na nani atamkatia bima leo, mtu mwenye vyuma viwili kwenye mishipa ya moyo? Naogopa.

Jumatano, 15 Februari

Nimepumua! Arlene Pokorny, mwalimu mstaafu anayeshauri watu kituo cha wazee, kanifungulia kitabu. Ukipoteza bima ya nyongeza ya mwajiri, una siku sitini na tatu za kukata nyingine. Ndani ya hizo, kampuni ya bima haiwezi kukukataa wala kukupandishia bei kwa sababu ya ugonjwa. Mwisho wetu ni Jumamosi, tarehe 4 Machi. Zikipita, basi tena. Kinachotakiwa ni barua ya kuthibitisha bima imekwisha. Ile ile iliyogeuka majivu.

Lumir kaleta ukaidi. Kwake, kupata bima bila kutaja moyo wake ni uongo, na mficha maradhi kilio humuumbua.

"Hufichi kitu, bwana wewe," Arlene akamwambia. "Wao ndio hawaruhusiwi kukukataa kwa sababu ya moyo wako."

Lumir kainuka. Kofia kichwani, huyoo garini.

Ijumaa, 17 Februari

Nimekwenda ofisi ya maghala mwenyewe. Lumir kajikunyata garini, hataki wenzake wajue kachoma barua. Karani kasema nakala itakuja kwa posta. Nikavuta kiti. Nikamwambia mimi ndiyo posta. Nimekaa muda wa saa moja na nusu! Nimetoka nayo mkononi.

Na kumbe — mimi ni mke wa tano wiki hii kuomba nakala. Wa tano! Waume wote wamechoma! Nimecheka mpaka machozi.

Alhamisi, 23 Februari

Leo wale wake wanne jikoni kwangu, maandazi ya kolachi yenye plamu na kahawa, na mimi nasomesha sheria — mimi, mpishi wa shule! Watatu waume zao wameshapokelewa na kampuni ya bima. Mmoja ana kisukari. Arlene ananiita wakili. Nimejiona mkubwa, siwezi kukataa.

Ila mganga hajigangi. Lumir bado hajaipigia simu kampuni. Lazima awe yeye, maombi ni kwa jina lake.

Jumapili, 26 Februari

Zimebaki siku sita. Kanisani hakusema nami. Nampenda, na ningemchapa mwiko.

Ijumaa, 3 Machi

Asubuhi sikumbembeleza. Nimeweka barua mezani na kumwambia ukweli: sitaki kuwa mjane wa mume mkweli. Yeye akaondoka kwenda kulisha kuku.

Saa kumi kasorobo karudi, kanawa, kavaa shati la kanisani. Akapiga simu mwenyewe! Nakala ya barua nilishaituma kwa faksi ya maktaba, binti wa kampuni ya bima kakiri wameipata. Kisha, kumbe, binti akaanza kusoma maswali. Je, umewahi kutibiwa moyo?

Nikashika ukingo wa meza. Lumir, kwa sauti ile ya kuita malori kwenye mizani kule maghalani:

"Binti, moyo wangu mbovu. Una vyuma viwili. Nimekwambia kwa sababu mimi si mwongo. Sasa sheria inasema huwezi kunikataa kwa hilo, na barua unayo. Endelea na swali linalofuata."

Oh, mwanaume wangu! Nilitamani Wilber nzima isikie.

Binti kasema ngoja, amwite msimamizi. Tunangoja. Saa kumi na dakika ishirini na tano. Wanafunga saa kumi na moja, na kesho, siku yetu ya mwisho, hawafungui. Naandika hapa hapa mezani. Lumir kasimama wima, simu sikioni. Nimemsogezea kiti.

Kakataa kukaa.