Hujanijibu Kuhusu Bukoba

Dada yangu mpendwa,

Jana nilishuka treni ya metro kituo cha Schuman, huku ughaibuni, nikapita mbele ya jengo ulikokuwa ukiwafundisha Wakorea Kiingereza saa ya chakula cha mchana. Chumba kile sasa kina mwalimu mwingine. Sikuingia.

Unakumbuka siku niliyokaa nyuma ya darasa lako, nikidhani nitapata habari ya kuandika? Uliwauliza swali jepesi: wikendi mlifanya nini? Kimya. Watu wazima, wafanyakazi wa ofisini, wote wanatazama meza. Nikakunong'oneza, "Dada, wanafunzi wako wamelala?"

"Nyamaza wewe. Hapa si mkutano na waandishi."

"Si umuulize yule binti wa dirishani? Anajua."

"Najua kwamba anajua. Akimtangulia Mama Han, mkubwa wao, binti huyo ataona aibu, na wiki nzima hafungui mdomo."

Ukawaambia, "Msiwe na haraka," ukakunja mikono. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza na kudai jibu, kimya kile kilinishinda. Kisha Mama Han akasema alipika supu, ikaungua, na darasa zima likaanza kuongea, huyu akimcheka yule.

Ulipopata kiharusi, walikuja hospitali. Walisimama kando ya kitanda mpaka Mama Han alipoinama akasema, kwa Kiingereza ulichomfundisha, "Mwalimu, usiwe na haraka." Ulitazama dari.

Walipoondoka nilikuuliza: nikurudishe Bukoba alikozikwa mama, au ubaki hapa? Nikakunja mikono kama wewe. Niliuliza kila nilipokuja, nikasubiri mpaka muuguzi aliponitoa. Daktari alisema huenda ulikuwa unasikia. Huenda. Sijawahi kujenga habari juu ya neno hilo.

Nilikuzika huku Berchem, si mbali na nyumba uliyopanga, kwa sababu ilibidi mtu aamue. "Umemwacha mtoto wetu kwenye baridi," shangazi alisema kwenye simu, akakata. Hajapokea simu yangu tena. Wakorea walikuja, Mama Han mbele. Waliinama, wakaondoka.

Nimewahi kusubiri majibu ya mawaziri. Nilijua yatakuja, hata yakiwa ya uongo. Lako haliji, Dada. Najua haliji, na bado nikifika kaburini nauliza, nakunja mikono, nasimama.

Lala hapo nilipokuweka, ikiwa ndipo ulipopataka.

Mdogo wako