Barua kwa Kaka Kuhusu Paa la Shangazi

Sebuleni kwa Shangazi,
Jumapili, tarehe 17, mchana.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na wanangu wote wawili. Goti linaendeleaje? Wifi aliniambia bado unapanda ngazi za kazini kwa kujikokota na hospitali hutaki kusikia. Nenda, tafadhali. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako seremala yupo, ana kikohozi kidogo cha vumbi la mbao. Mimi nipo, uchovu tu. Shangazi ni mzima, anakula, anagomba, na sasa hivi yuko pembeni yangu anamenya viazi.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Nimekupigia mara mbili, na mara zote mbili nilianza kufoka nikakata kabla sijafika popote. Kwenye karatasi angalau nitamaliza sentensi.

Kaka, Shangazi ameibiwa. Mwizi mwenyewe hakuvunja mlango. Alibisha hodi, akakaribishwa, akanyweshwa chai.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi. Mwanaume mmoja nadhifu, kofia ngumu kichwani, tepu ya kupimia kiunoni, alisimama getini akajitambulisha kuwa yeye ni injinia. Akasema alikuwa juu ya paa la Mwalimu, yule jirani yetu mstaafu, na akiwa kule juu ameona paa la Shangazi limeingiwa na mchwa. Eti roho ilimuuma kuona mama mtu mzima analala chini ya paa linaloweza kumwangukia. Akaomba apande aangalie, bure kabisa. Akapanda. Akashuka na kipande cha mbao kilichooza, akakifinya mbele yake kikamwagika kama unga.

Shangazi aliniambia baadaye, "Mwanangu, ningebisha vipi? Kitu chenyewe nilikishika kwa mkono wangu."

Akatia sahihi karatasi, akatoa akiba yake ya pensheni. Wiki hiyo hiyo Injinia akaja na watu wake, wakang'oa mabati yote ya upande wa nyuma, yale mazito aliyoezekea marehemu baba. Wakayapakia kwenye gari eti wanakwenda kuyatupa. Badala yake wakapigilia mabati mapya ambayo ukiyabonyeza kwa kidole yanabonyea, msumari hapa, mwingine kule mbali. Juu ya jiko hawakuweka bati hata moja, walitandika turubai. Injinia akasema kazi imekuwa kubwa kuliko alivyodhani, aongezewe. Shangazi akamwongeza. Tangu siku hiyo simu yake ikawa inaita tu.

Sasa hapa ndipo ninapochemka, Kaka. Wiki tatu nzima hakuniambia! Nilikuja mara mbili, akanipokea barazani, nikaambiwa jikoni kuna rangi mbichi nisiingie. Nikaamini kama mjinga. Mara ya tatu nilikuja bila kumwarifu, mvua ikinyesha. Nikamkuta sebuleni, godoro limevutwa hadi katikati ya chumba, mabeseni matatu yamepangwa kwenye ukumbi, picha ya baba imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Hata salamu hakunipa. Aliniambia, "Pisha njia, beseni la mwisho limejaa."

Nililia, halafu nikamgombeza. Ndiyo, nilimgombeza Shangazi, aliyetulea tangu hatujui kufunga kamba za viatu. Nikamuuliza kwa nini alinificha.

Akaweka beseni chini. "Ningekwambia, ungesema nini? Ungesema nyumba iuzwe, nihamie kwako."

Nikasema si kweli.

"Mwaka jana ulimwambia kaka yako hivyo hivyo, na yeye akakuitikia. Ulikuwa umeweka simu kwenye spika. Mimi nilikuwa chumba cha pili. Miaka thelathini nimeunganisha watu simu pale posta, unadhani nimesahau kusikiliza?"

Unayakumbuka mazungumzo yale, Kaka? Mimi nimeyakumbuka neno kwa neno, na kila neno linanichoma. Yule mwizi alikuja akakuta mlango tulishamfungulia. Shangazi alikuwa anaficha tundu la paa kama mtu anayeficha ugonjwa, akihofia kwamba tukiliona tu, tutamtoa.

Kesho yake shemeji yako alipanda juu. Aligonga mbao za paa moja moja kwa nyundo, zikalia kama chuma. Hakuna mchwa wala alama ya mchwa. Akaomba kile kipande kilichooza, akakigeuzageuza, akakuta upande mmoja kina rangi ya buluu. "Hii haijawahi kukaa kwenye paa hili," alisema. "Hii ni fremu ya mlango. Alipanda nayo kwenye begi." Halafu akakifunga kwenye gazeti, akasema kisitupwe.

Tukaenda polisi. Afisa wa zamu akasoma karatasi, akaturudishia. "Mama, mlikubaliana wenyewe na ukatia sahihi. Hayo ni madai, si jinai. Nendeni mahakamani." Nikamwonyesha kwamba kwenye karatasi hakuna jina la kampuni wala mahali ilipo. Akasema hilo Shangazi alipaswa kuliona kabla hajatia sahihi. Akamwambia hivyo usoni, mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni. Shangazi alikunja khanga yake, akatoka nje. Mimi nilibaki pale nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Aliyetutoa kwenye mkwamo ni Mwalimu. Aliposikia kwamba paa lake ndilo lililotajwa, alipandwa na hasira. Hakuna fundi aliyekanyaga paa lake tangu nyumba ijengwe. Akachukua mkongojo wake, akapita nyumba hadi nyumba akiuliza. Alirudi na watu wawili: bibi mmoja mshonaji wa mtaa wa pili, na dereva mstaafu anayekaa karibu na soko. Wote wanaishi peke yao, wote waling'olewa mabati, na wote waliwaficha watoto wao. Dereva alimwambia binti yake eti mabati aliyauza kwa hiari! Na kila mmoja alikuwa bado na kipande chake cha mbao, kimeoza upande huu, buluu upande ule.

Shemeji yako akavichukua vipande vyote vitatu mpaka kituoni. Akavipanga juu ya meza ya afisa yule yule, kichwa kwa kichwa. Alama za msumeno zikakutana sawasawa, na mchirizi wa rangi ukapita kutoka kipande cha kwanza hadi cha tatu bila kukatika. "Afande," akasema, "mlango mmoja umeozea kwenye mapaa matatu."

Afisa alipitisha kidole kwenye mchirizi ule. Safari hii akafungua jalada.

Lakini kumpata je? Namba zetu zote alikuwa hapokei. Hapo Shangazi akaomba simu ya Mwalimu. Kaka, laiti ungekuwepo. Alikaa wima kwenye kochi, akakohoa kidogo, na sauti iliyotoka siyo yake. Ilikuwa ya kizee cha miaka mia, inayotetemeka. "Haloo, mwanangu injinia... nimesikia unawasaidia wazee wenye mapaa mabovu. Mimi niko peke yangu, mwanangu, macho yenyewe hayaoni vizuri." Akamwelekeza nyumba ya Mwalimu kwa njia ya nyuma, ili asipite getini kwetu, akamshukuru mara tatu, akakata. Kisha kwa sauti yake ya kila siku akasema, "Kesho saa nne. Na kasema niandae pesa za kuanzia."

Saa nne kamili akaja. Bibi mshonaji alijifunika shuka akakaa barazani kama mwenye nyumba. Polisi wawili wenye nguo za kiraia walijifanya vijana wa mtaani wanaocheza karata. Injinia akapanda na begi lake, akashuka na kipande cha nne. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kukifinya Shangazi alipotoka jikoni. Hakupiga kelele. Alimwambia tu, "Chai ya leo hupati."

Ningependa kukuambia mambo yameishia hapo. Hayakuishia. Siku mbili tu akatoka kwa dhamana. Mabati ya baba yalishauzwa, hayapatikani. Kesi imeahirishwa mara mbili, mara ya kwanza jalada halikuletwa, mara ya pili hakimu alikuwa na udhuru, na kila safari wazee watatu wanakaa kwenye benchi la ukumbi tangu asubuhi bila hata mtu wa kuwaambia warudi nyumbani. Juzi nilimwona Injinia mwenyewe mjini, kofia ile ile kichwani, akizungumza na mzee mmoja mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilivuka barabara bila kutazama magari. Nikamwambia yule mzee kila kitu, kwa sauti ambayo duka zima lilisikia. Yeye akacheka akaondoka zake. 

Paa shemeji yako amelirudishia kwa mabati mazito, na jiko ni kavu. Tumekubaliana na Shangazi kwamba fundi yeyote anayejileta mwenyewe getini hajibiwi siku hiyo hiyo. Anaambiwa arudi, na katikati hapo sisi tunatafuta jicho la pili, la fundi tunayemjua. Hakuna sahihi, hakuna malipo ya mbele. Amekubali, ila kaweka sharti lake: sisi nasi tusijadili nyumba yake pale ambapo yeye hayupo. Nimeapa kwa niaba yangu. Kwa niaba yako sijaapa. Utampigia mwenyewe.

Na ukimpigia, usianze na pole, wala usimuulize kwa nini hakusema. Muulize alimpataje yule mtu. Atakusimulia na ile sauti ataitoa tena, na utacheka mpaka goti litakuuma.

Nisalimie wifi sana, wabusu wanangu, mwambie mkubwa wako kuwa mimi shangazi yake nimepokea picha yake ya shule. Shemeji yako anakusalimu. Mwalimu naye anakusalimu, anasema bado una kitabu chake. Mungu akulindeni huko mliko, wewe na wote waliomo chini ya paa lenu.

Nimemsomea Shangazi barua hii yote. Amesikiliza mpaka mwisho, viazi vikaisha kumenywa. Amesema ni sawa, itumwe, ila nifute neno moja, pale nilipoandika "Shangazi yetu maskini". Nimelifuta.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimekasirika.